Isale Ndani ya Mlango

Tundu likishazibwa na Vedastus limezibwa; mafundi wote wa bodi mjini Moshi walilijua hilo. Kwa hiyo Jumatatu ile asubuhi, mwezi wa saba mwaka tisini na sita, alipopapasa mlango wa Corolla nyeupe na kidole chake kikazama, alikitazama kwanza kidole. Matundu manne yalikuwa wazi ubavuni, vile vile kama alivyoyakuta siku alipong'oa ule mkanda wa urembo. Akainama kutafuta pati, ile dawa aliyozibia, kama imedondoka. Chini hapakuwa na hata chembe.

"Nani amegusa gari la shemeji yangu?" aliuliza.

Ebenezeri, fundi mwenzake, alikuwa akikwangua kutu upande wa pili wa uwanja. "Nani aguse kazi yako, bwana? Labda uzee. Siku hizi unachanganya dawa kidogo."

Vedastus akasonya. Yeye, aliyeziba magari tangu enzi za foleni za sukari, leo aambiwe hajui kuchanganya dawa! Alikoroga pati upya, akaziba, akangoja ikauke, akapiga msasa mkavu na msasa wa maji mpaka bati likateleza. Kisha akaenda kunywa chai.

Gari lilikuwa la Crispin, kaka wa mkewe, mfanyabiashara mwenye maduka mawili na maneno mengi. Alilileta Alhamisi. "Ng'oa vyote, shemeji," alisema. "Mikanda, nembo, vitasa vya nje. Siku hizi Dar magari ni laini matupu. Ziba, lainisha, piga rangi nyeusi. Nataka hata aliyeniuzia akipishana nalo asilijue." Mkanda wa mlango wa kushoto ulikuwa umepinda. Alipoulizwa, alijibu kwamba amegonga ng'ombe karibu na Himo.

Ng'ombe! Vedastus alipouchomoa mkanda ule, alikuta nyuma yake jani la isale, bado bichi, limefungwa fundo, ncha yake imenasa kwenye tundu la mlango. Akakaa juu ya ndoo.

Asiyezaliwa huku mlimani atauliza jani tu linamkalishaje mtu mzima chini. Isale tunalipanda mipakani na makaburini, na mwenye kosa hahitaji maneno akiwa nalo. Hata kama umemwaga damu, ukiingia kwa mtu na isale lenye fundo mkononi, hana ruhusa ya kukufukuza. Akikufukuza, laana inamrudia yeye na kizazi chake. Halitupwi jalalani wala halichomwi moto. Na ng'ombe, jamani, habebi isale.

Vedastus alilijua hilo tangu anyonye. Aliogopa kulitupa, aliogopa kulichoma, na zaidi ya yote aliogopa kumuuliza shemeji yake swali moja dogo. Akajidanganya kwamba kulihifadhi si kulitupa. Akalisukuma polepole ndani ya mlango, kwa adabu zote, hata kofia akavua, akaweka kipande cha bati na kuziba juu yake. Ndiyo akili aliyoitumia, na mwenyewe aliiita heshima.

Jumamosi Lukresia, mkewe, alirudi kutoka mazikoni kwao Kilema akiwa amevimba macho. Waliyemzika ni Monica, binti wa Mzee Filemon. Miaka sita iliyopita Monica alitoroka na mwanamume ambaye baba yake hakumtaka, na tangu siku hiyo baba na binti hawakuwahi kusalimiana. Jumatano ya wiki hiyo alikuwa akipanda kwenda kwao kuomba radhi. Gari likamgonga na kukimbia.

"Wamemkuta kiganja amekikunja, kimepakaa kijani, ndani hamna kitu," alisema Lukresia. "Na mzee amekataa kutupia udongo kaburini, Baba Pamela. Anasema binti yake hajaja kuomba msamaha, iliyokuja ni maiti. Amezikwa hajasamehewa. Nani ana moyo wa kumgonga mtu na kumwacha barabarani?"

Vedastus alisema mtori umezidi chumvi, akasukuma bakuli.

Sasa turudi gereji. Siku ya Jumanne matundu manne yalikuwa wazi tena, na safari hii yalitoa harufu: lami yenye jua kali, mgomba uliokatwa, na mafuta ya nywele ya mwanamke. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani, baridi ya Julai inatafuna vidole, lakini mlango ule ulikuwa na joto la shavu la mgonjwa. Alipoweka sikio akasikia ukucha unakwaruza ndani, taratibu, unapumzika, unakwaruza, na kila ulipopumzika alihisi huko ndani kuna mtu naye ameweka sikio. Aliziba haraka haraka, akatandaza pati nyingi kupita kiasi kama mwanafunzi.

"Ziba," ilisema sauti ya mwanamke, chini sana. "Na mimi najua kuziba."

Alifika nyumbani saa kumi akamkuta Lukresia amesimama nje na ufunguo mkononi. Tundu la kitasa halikuwepo. Mahali pake palikuwa na pati ya kijivu iliyopigwa msasa vizuri sana, kazi ya fundi haswa.

"Huu mchezo gani?" aliuliza Lukresia. "Umefanya wewe?"

Waliingia kwa dirisha. Ndani, redio ilikuwa haina vitundu vya kutolea sauti. Chujio la chai lilikuwa limeziba. Pamela, binti yao wa miaka tisa, alikuwa amekaa kitandani ameshika hereni zake mbili kiganjani, akilalamika kwamba zimeanguka zenyewe na hazirudi. Lukresia akayashika masikio ya mtoto. Vitundu vya hereni vilikuwa vimejifuta, ngozi nyororo.

Jirani yao Mektrida, aliyekuja na mawazo yake, alisema ni jini, na akatoa jina la mganga wa Tanga. Hapana. Majini tunawaachia watu wa Pwani. Sisi tuna wafu wetu, na wanatutosha. Alfajiri Lukresia alimwita mtoto aamke, akamwita tena, akamwita kwa kelele mpaka kuku wakashtuka bandani, na Pamela akaendelea kucheza na upindo wa blanketi bila kugeuka, na mama yake aliposogeza nywele zake pembeni akaona kwamba masikio yale yalikuwa hayana tundu tena, yamejazwa mpaka juu, yamesawazishwa, na hata mikunjo yake ilikuwa imeanza kulala kuelekea shavuni kama kitu kinachopigwa msasa na mkono usioonekana.

Walimwita katekista Primus. Alikuja na maji ya baraka, akainua chupa, akazungusha kifuniko, akazungusha tena, akaitazama. Chupa haikuwa na mdomo. Aliiweka mezani kwa uangalifu, akasema anamfuata Padri, na alipoondoka alisahau mwavuli wake.

Pamela akaanza kuhema kwa kinywa. Tundu moja la pua lilikuwa limeshafunga, na la pili lilikuwa limebaki dogo kama punje ya ulezi. Mtoto hakusikia kilio cha mama yake wala chake mwenyewe.

"Baba Pamela," Lukresia alinong'ona. "Mdomo ndio unafuata. Kama kuna kitu unakijua, niambie sasa hivi, kabla mwanangu hajakata roho."

Vedastus akapiga magoti akasema yote: mkanda uliopinda, jani, fundo, bati, pati. Alipotaja jina la Crispin, Lukresia alimpiga kofi, kisha akajipiga paja. Kaka huyo ndiye aliyemsomesha. Ndiye aliyesimama mahali pa baba siku ya harusi yake.

"Nilidhani nakulindia ndugu yako," alisema Vedastus.

"Ulijilinda wewe. Uliogopa kuuliza." Akambeba mtoto mgongoni, akafunga kanga. "Twende. Ukatoboe."

Gereji, Vedastus alishika patasi na nyundo, lakini hakupata nafasi ya kupiga. Pati ilidondoka yenyewe, kipande baada ya kipande. Akaingiza vidole ndani ya mlango, na mkono mwingine, wa baridi, ukamshika kifundo cha mkono. Haukumvuta wala kumbana. Ulimshika tu kwa muda mrefu, huku Lukresia akimuuliza mbona amesimama, na kisha ukamwekea jani kiganjani na kumwachia. Siku saba tangu linase kwenye gari, isale lilikuwa bichi kama limechumwa asubuhi ile.

Walifika Kilema saa saba mchana, ukungu umetanda kihambani, shamba la nyumbani, hata migomba haionekani vizuri. Mzee Filemon alikuwa amekaa mlangoni akimenya maharage.

"Shikamoo, mzee," alisema Vedastus.

"Marahaba. Mna mtoto mgonjwa, mbona mnakuja kwangu?"

Vedastus alinyoosha isale kwa mikono miwili. "Hili si langu. Ni la Monica. Alikuwa nalo mkononi anakuja kwako. Lilinasa kwenye gari lililomgonga, na mimi nikalizibia ndani."

Mzee aliligeuza jani lile, akashika fundo. Midomo yake ikacheza. "Fundo la mama yake hili," alisema. "Alimfundisha mwenyewe." Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba kwenye udongo mpya wa kaburi, akapiga magoti kwa shida akalia, mzee wa watu, kwa sauti kubwa. "Mwanangu, nimelipokea. Ulikuja. Nimekusamehe, na wewe unisamehe." Akatupia udongo.

Mgongoni mwa Lukresia, Pamela alipiga chafya. "Mama," alisema, "mbona babu analia?"

Lukresia alimshusha, akampapasa masikio, pua, mdomo, akambusu kila mahali. Vedastus naye alitaka kucheka na kulia pamoja. Akamgeukia mzee: "Na sisi, mzee? Utusamehe na sisi."

Mzee Filemon alijifuta uso. "Hili lilikuwa lake. Wewe umelileta mwenyewe na umesema kweli, nakuachia. Lakini aliyeshika usukani yuko wapi? Aje na lake, kwa miguu yake. Mimi sitamfukuza."

Lukresia alichuma isale mpakani, akalifunga fundo kwa ajili ya kaka yake.

Walimkuta Crispin gereji, anazunguka gari lake kwa hasira. "Nimekupa siku saba unanitobolea mlango?" alifoka. "Ndiyo ufundi huo, shemeji?"

Lukresia alimnyooshea jani. "Kaka, nakuomba. Nenda kwa Mzee Filemon. Ameahidi hakufukuzi."

Uso wa Crispin ulikauka. Akatazama jani, akamtazama dada yake, akacheka kicheko kibovu. "Mpumbavu aliyekatiza barabara ndiye wa kuomba radhi. Mimi siendi kujifunga jela kwa jani la mpakani." Akaingia garini, akabamiza mlango.

Gari likawaka, likazima. Ebenezeri ndiye aliyeona kwanza. "Vedastus," alisema polepole, "ule ufa wa mlango uko wapi?"

Haukuwepo. Milango ilikuwa imeungana na ubavu, ubavu na paa, kisha ukijivu ukapanda kutoka chini ukafunika vioo kimoja baada ya kingine, ukijisawazisha wenyewe, na nyuma ya kioo cha mwisho Crispin alionekana akipiga kwa viganja viwili mpaka viganja navyo vikafunikwa. Vedastus alirukia patasi. Alichimba, vumbi likaruka, chini ya pati palikuwa na pati, na chini yake pati, mpaka mkono mzima ukazama bila kugusa bati. Ebenezeri alileta shoka nalo likanasa.

"Lukre!" Sauti ya Crispin ilitoka mbali. "Lukre, nitakwenda! Nitalipeleka mwenyewe, naapa kwa kaburi la mama! Nisaidieni, hewa hakuna!"

Tundu moja likafunguka ubavuni, la upana wa kidole. Lukresia alijitupa hapo. "Lishike, kaka! Lishike, sema umekosa!" Akapenyeza isale, na lilivutwa ndani taratibu. Kukawa kimya. Wote wanne walisimama pale, Pamela ameshika sketi ya mama yake, na Lukresia akaanza kutoa machozi ya shukrani kwa sababu tangu dunia iwepo hakuna aliyepokea isale akakataa.

Harufu ya mafuta ya nywele ikatoka tunduni.

"Baba amesamehe," ilisema ile sauti ya chini. "Mimi nani aliniuliza?"

Jani likasukumwa nje. Lilikuwa limechanwa vipande viwili, na fundo limefunguliwa. Likamwangukia Lukresia miguuni, naye akapiga magoti akivikusanya vile vipande, akijaribu kuvifunga upya kwa vidole vilivyokataa kumtii, huku mbele ya macho yake tundu likijaa kijivu kutoka ndani, likisawazishwa, likipigwa msasa, mpaka likapotea.