Upande wa Ukutani

Mteja aliyepiga simu asubuhi ile ya Novemba hakuwa na malalamiko. Alikuwa mjane kutoka Denmark, jina lake Inger Lauritsen, na alitaka kushukuru tu. Nyumba ya Montesercio ilikuwa safi, alisema, kuni zilikuwa kavu, na bonde lilipendeza asubuhi kabla ukungu haujaondoka. Kisha akauliza, kwa adabu ya mtu asiyetaka kuonekana mshamba, kama yule mzee ni wa nyumba hiyo.

"Mzee gani?" aliuliza Delfina Nencetti.

"Anayekuja kulala. Hakunisumbua hata kidogo. Alilala upande wa ukutani, kimya, na viatu miguuni. Ajabu ni kwamba sikuogopa. Sikuhisi chochote."

Delfina alimtakia safari njema, akaweka simu chini, akaendelea na kazi aliyokuwa nayo mezani.

Kazi hiyo aliifanya kwa miaka mingi pamoja na Oreste Fantacci, katika ofisi ya chumba kimoja karibu na soko la Sant'Ambrogio, Firenze. Wageni walimjia na siku zao chache na tamaa yao kubwa, naye akawagawia: siku ngapi walale Roma, ngapi Firenze, ngapi katika vijiji vya vilimani. Alikuwa na misemo yake. Mji hula miguu, kilima huirudisha. Kulala mahali usiku mmoja si kulala, ni kubeba mizigo. Watu walicheka, wakamsikiliza, wakarudi mwaka uliofuata.

Yeye mwenyewe aliishi hivyo. Jumapili hadi Alhamisi, yeye na mumewe, Settimio Barlozzi, walilala Firenze. Ijumaa na Jumamosi walipanda Montesercio, kwenye nyumba ya wazazi wa Settimio. Mume alilala ukutani, mke dirishani, huku na kule. Februari Settimio alianguka ngazini na hakuinuka tena. Delfina alipanga mazishi kama anavyopanga safari: gari saa fulani, kanisa saa fulani, chakula cha watu kadhaa. Hakulia. Watu walisema atalia baadaye. Majira ya kuchipua yakapita, kiangazi kikapita, naye akawa anaipangisha nyumba ya kilimani kwa wageni kila mwisho wa wiki, bila kukanyaga huko.

Alipanda mara moja tu, mkesha wa Siku ya Marehemu. Montesercio watu huweka mezani maji na mkate wao usio na chumvi, kisha kabla ya mapambazuko huamka na kutandika vitanda upya, ili wafu wao waliotembea usiku kucha wapate kujinyoosha. Mama mkwe wake, Assunta, alimfundisha hivyo alipoolewa. Delfina alitandika, akalainisha shuka kwa kiganja, akakaa jikoni hadi kulipokucha, akarudi mjini kwa basi la kwanza.

Sasa ilikuwa Jumatatu, na mgeni wa Denmark alikuwa amelala kule Ijumaa na Jumamosi. Delfina alikumbuka kwamba jana yake, Jumapili usiku, alisikia kitu na hakukijali.

Usiku ule alikisikia tena. Kwanza ngozi ya kiatu ikilalamika, karibu na kabati. Halafu harufu ya majivu yaliyolowa na nta ya mshumaa uliozimwa. Halafu godoro upande wa ukutani likashuka, taratibu, kama linavyoshuka mtu mzima anapoketi kwanza, akapumua, ndipo akapandisha miguu; na baridi ikatambaa chini ya blanketi ikamfikia goti, kisha paja, kisha ubavu, wala hakupiga kelele wala hakuwasha taa, alijisogeza tu pembeni kidogo, kama abiria anayempisha mwenzake kwenye benchi, akalala.

Asubuhi shimo lilikuwepo kwenye godoro. Alilipitishia mkono, akaenda kuchemsha kahawa.

"Dada Delfina," Oreste alisema ofisini, akinusa hewa, "nani anachoma nyama humu?" Kisha akaona. "Mungu wangu! Mkono wako!"

Delfina akatazama kiganja chake. Ngozi ilikuwa imevimba na kuchubuka kuanzia kidole gumba hadi kifundo. "Nadhani nilishika birika."

"Unadhani? Mtu hadhani kuhusu jambo kama hilo! Haliumi?"

"Hapana."

Oreste alimfunga kitambaa, akamkalisha, akamhoji mpaka akamwambia yote. Alishusha sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Anakuja kila siku?"

"Kwa ratiba yetu ile ile. Jumapili hadi Alhamisi yuko hapa. Ijumaa na Jumamosi, kilimani."

"Ahaa! Kumbe marehemu kakusikiliza miaka yote. Amejigawia vizuri kuliko wateja wetu." Alicheka peke yake. Kicheko kilipomwishia, akanyoosha mkono chini ya meza akagusa chuma, kama wafanyavyo kwao mtu akitaja balaa. "Dada, nenda kwa padri. Nenda kwa yeyote."

"Ni Settimio. Ananidhuru nini?"

"Na mkono huo?"

Delfina akarudi kwenye karatasi zake. Siku zikaenda, mwenzake wa kitandani akaja na kuondoka kwa ratiba yake, naye hakwenda kwa mtu.

Jumanne moja binti yake Fosca, muuguzi wa hospitali huko Prato, alipangiwa zamu ya usiku ghafla, akamleta mwanawe Livia alale kwa bibi. Livia alikuwa na miaka minne, mtoto wa makelele, wa kulia akinyimwa kijiko na kucheka akipewa. Delfina aliwaza juu ya kitanda, na wazo lake lilikuwa fupi: babu hawezi kumdhuru mjukuu. Akamlaza katikati.

Alipoamka, Livia alikuwa amempa mgongo, uso umeelekea ukutani, macho wazi.

"Umelala vizuri, mama?"

"Kuna mtu ana viatu."

"Ni babu."

"Si babu," mtoto alisema, bila haraka. "Babu ananijua jina. Huyu anauliza."

"Anauliza nini?"

"Jina."

"Ukamwambia?"

Livia akatikisa kichwa kukubali.

Fosca alipokuja kumchukua, mtoto alijikwaa kwenye ngazi za mawe. Goti lilipasuka hadi weupe ukaonekana ndani. Mama mtu alipiga yowe lililofungua madirisha matatu ya jirani, lakini Livia alikaa kwenye ngazi akiitazama damu ikishuka kwenye soksi yake, kama anatazama mvua kwenye kioo. Hakulia. Hospitalini waliposhona hakulia. Kesho yake alikaa pale alipowekwa, hakuomba chakula, hakuomba mwanasesere wake. Madaktari walimpima, wakasema hana kitu.

Fosca alipiga simu. "Mama, umemfanya nini mwanangu?"

"Nitashughulikia."

"Ndiyo hayo! Unaongea kama naulizia chumba! Jana nimemfinya, mama. Nimemfinya mwanangu makusudi ili alie. Akaniangalia. Unasikia? Akaniangalia tu, na macho yale ni ya kwako!"

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Delfina alipanda Montesercio kwa basi la mchana, akagonga kwa Argia Barlozzi, binamu wa Settimio, ambaye kijiji kizima humwendea kwa kijicho, mchango wa tumbo na homa zisizo na jina. Argia alimtazama usoni, akamwashiria aketi. Alijaza maji kwenye sahani, akachovya kidole kwenye mafuta ya zeituni, akadondosha. Mafuta huelea, hata mtoto anajua. Yale yalizama, yakatua chini ya sahani kama sarafu.

"Wifi," Argia alinong'ona, "ulipotandika kile kitanda, ulimwita nani?"

"Sikumwita mtu."

"Hata Settimio?"

"Jina lilinikwama."

"Assunta alikufundisha kutandika, kutaja hakukufundisha?"

"Alinifundisha. Nilisema nitataja baadaye."

Argia akafuta kidole kwenye aproni, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. "Basi hukumtandikia mumeo. Umemtandikia mpita njia. Settimio amelala kwake makaburini, salama, nawe unampa joto lako jini asiyekuwa na kwao. Limekwisha hilo joto, ndiyo maana ameanza kwa mtoto."

"Anatokaje?"

"Leo ni siku yake ya huku. Giza likianza kuingia, simama kando ya kitanda uwaite wafu wa nyumba hii, mmoja mmoja, mumeo wa mwisho. Wakijaa, yeye hana pa kulala. Lakini litoke moyoni, wifi. Jina la kusomwa kama kwenye cheti halimtoi mtu."

Walipoingia chumbani, dirisha lilikuwa limebaki na mwanga kidogo wa kijivu. Argia alisimama mlangoni na taa na rozari. Harufu ilikuwa imekwisha kufika. Upande wa ukutani shuka lilikuwa limebonyea, urefu wa mtu.

"Ulderico Barlozzi," Delfina aliita. Huyo alikuwa baba mkwe wake. Godoro likalia, shimo likapanda kidogo.

"Endelea," Argia akahema.

"Assunta Bindi." Shimo likapanda tena, na kitu kikakwaruza ukuta, kama soli ikitafuta pa kushika. "Primetta Barlozzi, mtoto wa nyumba hii, aliyekufa mchanga." Shuka likanyooka karibu lote. Ilibaki alama ya bega na ya kisigino.

"Sasa yeye. Mwite!"

"Settimio Barlozzi."

Lilitoka vilevile alivyozoea kulitamka akiongea na watu wa gesi kuhusu bili. Hakuna kilichosogea.

"Tena, wifi, kwa jina la Mama Maria! Mlilie!"

Delfina alifumba macho akamtafuta. Alimwona akimenya chungwa kwa kisu, alimwona akiimba vibaya ndani ya gari, alimwona chini ya ngazi na mkono mmoja chini ya mwili, alizipitia picha zile moja baada ya nyingine kama mtu anayepapasa mifuko ya koti akitafuta ufunguo, na kila mfuko ulikuwa mtupu, na alipoita mara ya tatu sauti yake ilikuwa kavu zaidi ya kwanza, na alipofumbua macho shimo lilikuwa limerudi, lenye kina zaidi kuliko mwanzo, nalo halikuwa limelala chali tena bali lilikuwa limegeuka ubavu, na mto ulikuwa umekunjamana pale ambapo uso wa mtu huwa anapomtazama aliyesimama kando ya kitanda, na kutoka kwenye mkunjo ule ikatoka sauti ndogo, ya upole, ikisema, "Livia."

Taa ilianguka kutoka mkononi mwa Argia. Delfina alimsikia akikimbilia uani, na sala zikifuata.

Alijua kwamba anapaswa kuogopa. Akaketi kwenye kiti, gizani, akakunja mikono mapajani, akaongea kwa sauti aliyoijua vizuri kuliko zote, ile ya mezani kwake.

"Mtoto hayumo. Nisikilize. Kuhamahama kutoka kwa mtu hadi mtu hakufai, kunachosha, na utakuwa unaanza upya kila mara. Ninakupa mpango ulio bora. Jumapili hadi Alhamisi, Firenze. Ijumaa na Jumamosi, hapa. Wageni sipangishi tena. Nitakuwepo mimi, kila usiku, mjini na kilimani, upande wa dirishani. Nikisafiri tunasafiri. Nikiugua huendi kwa mwingine. Lakini ulichochukua kwa yule mtoto unakirudisha leo, na jina lake hulitamki tena."

Akasogeza kiti karibu na kitanda.

"Mwenye kitanda hiki ni mimi," akaongeza. "Delfina Nencetti. Lichukue hilo."

Chemchemi za godoro zililia mara moja, ndefu, kama mtu aliyeridhika na maelezo anapojiweka sawa.

Simu ikaita mfukoni. Kabla hajaiweka sikioni alisikia kilio: kilio cha mtoto kilichojaa koo, cha hasira, cha goti lililoshonwa siku mbili zilizopita na kuanza kuuma sasa.

"Mama!" Fosca alikuwa analia naye. "Mama, unamsikia? Analia! Anataka maziwa, anataka mwanasesere, amenipiga kofi! Unamsikia?"

"Namsikia."

"Mbona huongei? Hufurahi?"

Delfina alijiuliza, kwa uaminifu, akasubiri jibu. Nje Argia alikuwa amefika mwisho wa rozari, anaanza upya.

"Nimefurahi," alisema, kwa kuwa ndilo jibu linalofaa. "Mpe maziwa. Mje mniamkie Jumapili, Firenze, mchana. Kulala msilale."

Akakata simu, akavua viatu vyake, akavipanga chini ya kiti. Kisha akainua blanketi upande wa dirishani, akaingia.