Kilindini Inaungua!

Kadzo aliuza mihogo ya kuchemsha karibu na matangi ya mafuta, Changamwe. Mumewe, Lewa, alikuwa kuli katika bandari ya Kilindini. Walikuwa na binti mmoja, Nyevu, mwenye miaka sita. Nyumbani pia alikuwako Nyamvula, mamake Lewa. Nyamvula alikuwa mgonjwa wa miguu. Kutoka kitandani hadi mlangoni alitambaa.

Ulikuwa mwaka wa 1942, wakati wa vita vikuu. Watu wa Changamwe waliishi kwa hofu. Ndege ikipita, kina mama waliwaita watoto ndani. Wanaume waligeuka kuyatazama matangi ya mafuta. Bomu moja tu likianguka pale, nani angepona?

Jumamosi moja Lewa alikuwa bado hajarudi kutoka kazini. Alikuwa ametoka nyumbani Ijumaa alfajiri. Kadzo alimngoja asubuhi nzima.

Alasiri likaja gari la sinema la serikali, la kuonyesha picha za vita. Kwa sababu ya vita, taa za nje zilikatazwa usiku. Basi picha zilionyeshwa mchana, ndani ya bohari tupu. Madirisha yalizibwa kwa magunia. Kadzo alimwacha Nyamvula nyumbani, akaenda na Nyevu. Alitaka kusahau wasiwasi wake kidogo.

Kwanza walionyeshwa askari wakipiga gwaride. Watu wakapiga makofi. Kisha ikatokea bandari yenye meli na winchi na mabohari. Ndege zikaja. Bohari moja likapasuka, moto ukaruka juu. Watu wakakimbia huku na huku, wakijifunika vichwa. Mkalimani aliyekuja na gari alisema jambo kwenye kipaza sauti, lakini sauti yake ilimezwa na ngurumo za mabomu.

"Hiyo ni Kilindini!" mtu mmoja akapiga kelele. "Kilindini inaungua!"

Watu wote wakainuka kwa pamoja. Mlango uliofunguliwa ulikuwa mmoja. Kadzo alisukumwa, mkono wa Nyevu ukamponyoka. Alimsikia mtoto akilia chini, kati ya miguu ya watu. Alipomvuta nje, mkono wa kushoto wa Nyevu ulikuwa umevunjika.

Kadzo alikimbia nyumbani. Akaufunga mkono wa mtoto kwa leso. Akatia unga na sufuria ndani ya kikapu.

"Kuna nini?" Nyamvula aliuliza.

"Kilindini inaungua, mama. Nimeona kwa macho yangu. Twenda Kaloleni, huko bara, mbali na bandari."

"Na Lewa?"

Kadzo aliinamia kikapu. Moyoni alikuwa ameshamlilia.

"Na mimi je?" Nyamvula aliuliza tena, polepole.

"Nitatuma mtu aje akuchukue."

"Mtu gani, mwanangu?"

Kadzo alimwekea mtungi wa maji na mihogo miwili. Akaufunga mlango kwa kamba kutoka nje, mbwa wasiingie. Akaondoka bila kuaga.

Njia ya Jomvu ilijaa watu. Wengine walibeba magodoro, wengine kuku. Kila mtu alimwona mwenzake anakimbia, naye akazidi kukimbia. Nyevu alilia mpaka sauti ikamkauka.

Mbele kidogo umati ulikuwa umelizuia gari la sinema. Kijana mmoja alishika jiwe.

"Hawa ndio wameleta mabomu!" alisema. "Vunjeni!"

Fundi wa mashine alikuwa amesimama mbele ya gari, mikono juu. Kadzo alimjua. Alikuwa Erastus, mtu wa Rabai, aliyewahi kuwa jirani yao.

"Erastus!" Kadzo aliita. "Lewa yuko Kilindini. Amekufa?"

"Kadzo, geuka," Erastus alisema. "Tazama upande wa Kilindini. Moshi uko wapi?"

Kadzo aligeuka. Mbingu ilikuwa nyeupe. Hapakuwa na moshi. Alikuwa ametembea mwendo wa saa nzima, wala hakutazama nyuma hata mara moja.

Erastus alifungua mkebe, akatoa utepe mrefu wa picha. Akauinua kwenye mwanga.

"Njoo uangalie. Unaona nini?"

Kadzo alisogeza jicho. Ndani ya utepe mlikuwa na picha ndogondogo.

"Watu wanakimbia. Wamevaa makoti mazito."

"Na miti?"

"Haina majani hata moja."

"Sasa ni masika. Changamwe kuna miti ya namna hiyo?"

"Hakuna," Kadzo alisema kwa sauti ndogo.

Yule kijana aliteremsha jiwe. "Basi mmetudanganya!"

"Moto huo uliwaka kweli, ndugu yangu," Erastus alijibu. "Uliwaka Ulaya, mwaka juzi. Mkalimani alisema hivyo, lakini alichelewa, hamkumsikia. Hilo ni kosa letu. Na mjue jambo jingine. Picha huchaguliwa. Mpigaji aliielekeza mashine penye moto, hakuielekeza kwenye mtaa uliobaki salama. Na wanaozituma wana haja yao. Wanataka muichukie Ujerumani, vijana wenu wajiunge na jeshi. Kwa hiyo mtu akiona picha, na aulize. Ni wapi? Ni lini? Nani ameileta, na kwa nini?"

Kadzo hakungoja zaidi. Alimbeba Nyevu mgongoni, akarudi mbio.

Alipofika, kamba ilikuwa bado mlangoni. Ndani palikuwa kimya. Vidole vyake vilishindwa kuifungua, akaikata kwa meno. Nyamvula alikuwa amelala sakafuni, nyuma ya mlango. Kucha zake zilikuwa na damu kwa kuusukuma ule mlango.

"Nani?" aliuliza.

"Ni mimi, mama."

"Umesahau nini?"

"Nimekusahau wewe," Kadzo alisema, akaanguka miguuni pake akilia.

Lewa alirudi Jumapili asubuhi. Alikuwa ameshikwa kazini, meli mbili ziliingia pamoja. Alisikiliza habari yote. Hakumgombeza mkewe. Alimpeleka Nyevu kwa dresa, msaidizi wa daktari, kisha akachimba handaki nyuma ya nyumba. Walipatana kwamba hatari ya kweli ikija, Lewa, au jirani mmoja asipokuwapo Lewa, atambeba Nyamvula kwanza, ndipo mizigo.

Miezi miwili baadaye gari la sinema lilirudi. Safari hii milango yote miwili ya bohari ilizibwa kwa magunia tu, bila kufungwa. Ndege zilipotokea kwenye picha, watu walianza kuinuka. Kadzo naye alisimama, lakini hakuelekea mlangoni.

"Bwana mkalimani!" aliita. "Ni wapi hapo? Na ni lini?"

Mashine ikazimwa. Mkalimani akajibu, neno kwa neno, mpaka walioko nyuma wakasikia. Watu wakatazamana. Mmoja akaketi, kisha wa pili, kisha wote.