Mafuta Yaliyolala

Kila jioni Mama Chipsi alikaanga viazi kibandani kwake, karibu na kituo cha magari. Mikono ilikuwa kazini, lakini mawazo yalikuwa mbali, milimani, kwa mama yake mzazi. Macho ya bibi yule yalikuwa yanaingia ukungu. Alikuwa ametuma ujumbe: "Njoo, mwanangu, nikuone ningali naona."

Gari walikuwa nalo. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva, aliwabebea watu mizigo kwa gari la dizeli. Ila dizeli ilikuwa imepanda bei, na safari ya milimani ni ndefu. Kila mwezi walisema, "Mwezi ujao." Mama Chipsi aliumia moyoni, akaendelea kukaanga.

Jioni moja Dereva aliyatazama mafuta yaliyobaki karaini.

"Mke wangu, nimesikia gari la dizeli linaweza kutembea kwa mafuta ya kupikia. Haya si tunayamwaga bure?"

Hakungoja jibu. Aliyamimina tangini yakiwa bado na uvuguvugu. Wakazunguka mtaa. Gari lilinukia viazi, na watoto wa jirani wakalikimbilia wakidhani wanaletewa chipsi. Mama Chipsi aliegemea dirisha, akafumba macho, akajiona yuko milimani.

Asubuhi kulikuwa na baridi. Gari likakohoa, likakohoa tena, likanyamaza.

Mama Spana, fundi wa magari na jirani yao, alifungua boneti, akatoa chujio la mafuta. Lilikuwa limeziba kwa uji mzito wenye chembe za viazi.

"Shemeji, umelilisha gari makombo," alisema.

"Kumbe walinidanganya?" aliuliza Dereva.

"Hawakukudanganya. Injini ya zamani kama hii inaweza. Lakini mafuta ya kupikia yakipoa yanakuwa mazito, hayapiti. Tena haya yana maji, na maji yanaua pampu."

"Sasa tufanyeje?" Mama Chipsi aliuliza. "Mama ananisubiri."

Mama Spana alijifuta mikono. "Nitawawekea tangi la pili. La kwanza dizeli, la pili mafuta ya viazi. Maji ya moto kutoka kwenye injini yatapita katika bomba ndani ya tangi hilo, yayapashe moto mafuta. Shemeji, unawasha kwa dizeli. Injini ikipata moto, unageuza swichi, inakunywa mafuta ya viazi. Kabla ya kuzima, unarudisha dizeli isafishe njia. Ukisahau hilo, kesho tutaonana tena."

"Na makombo?" aliuliza Mama Chipsi.

"Hiyo kazi yako, dada. Yapoe, yalale pipani wiki nzima bila kutikiswa. Makombo na maji yatazama chini. Chota ya juu tu, uyachuje kwa kitambaa kizito, kisha uniletee niyapitishe kwenye chujio langu."

Mama Chipsi aliyalinda mafuta yale kama mtoto mchanga. Dereva akipita stoo kwa kishindo, aliambiwa, "Taratibu, yamelala."

"Mimi nikilala mchana naitwa mvivu," alinung'unika Dereva. "Yenyewe yanalala wiki nzima, yanasifiwa!"

Siku ya safari ikafika. Injini ilipopata moto, Dereva aligeuza swichi. Mlio haukubadilika. Barabara ilipanda polepole kwenye ukungu mweupe, harufu ya viazi ikiwafuata nyuma. Mama Chipsi alijifinya mkono. Hakuwa anaota.

Nyumba ya mama yake ilipoonekana, alishika kitasa cha mlango ili aruke. Mara akakumbuka.

"Mume wangu, dizeli!"

Dereva akarudisha swichi. Wakasimama uani na injini ikiunguruma. Kungoja kule kulikuwa kugumu, maana mama yake alikuwa ameshatoka mlangoni, ameinua uso. Hatimaye Dereva akazima. Mama Chipsi akakimbia.

"Mwanangu," alisema bibi kabla hajaguswa. "Uso wako ni kivuli tu. Lakini nimesikia harufu yako tangu kule bondeni, nikatoka kukupokea."

Mama Chipsi alimkumbatia, akalia, akacheka.

Asubuhi baridi ilikuwa kali kuliko ya mjini. Gari liliwaka mara moja.

"Mwezi ujao, mama," alisema Mama Chipsi dirishani. Safari hii maneno hayo yalikuwa ya kweli. Kule nyumbani, pipa jingine lilikuwa limeshalala.