Hita ya Selina

Foleni ya sabuni Mtaa wa Mkunguni ilikuwa imekata kona mara mbili, na nusu ya waliopanga hawakuwapo. Walikuwa wameacha mawe na vikapu mahali pao, wakaenda kuhangaikia mengine. Ndiyo ilivyokuwa Kariakoo mwaka wa themanini na tatu: jiwe linapanga foleni, mwenye jiwe analala njaa, na aliyesababisha yote hayo hajui hata foleni inaanzia wapi.

Eliasi, fundi bomba, alikuwa nyuma ya jiwe la mtu asiyemjua tangu saa moja asubuhi. Mara akatokea mwanamke mwenye gauni la kitenge cha kijani, nywele kasuka twende kilioni, mkononi kashika koili ya hita ya maji iliyoliwa na kutu.

"Dada, hiyo koili umeifukua kaburini?"

Mwanamke akamtazama kutoka ndala hadi kofia. "Na wewe ulimi huo umeutoa wapi?"

"Songea. Mngoni halisi."

"Aa, basi nimeelewa. Mimi Mhehe wa Kalenga. Sogea, mtumwa wangu, nisimame mbele yako."

"Mhehe! Jamani, fungeni mbwa wenu, mwenye kuwala kafika!"

Foleni nzima ikacheka. Wangoni na Wahehe ni watani tangu vita vya mababu. Hutukanana harusini, hutukanana hata msibani, na anayekasirika ndiye mwenye kosa.

Eliasi hakuwa amecheka hivyo tangu azikwe mkewe Angelina, aliyekufa akisubiri dawa ambazo karatasi za hospitali zilisema zipo.

Mwanamke aliitwa Selina. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini, akiishi Mchafukoge, ghorofa ya tatu, na mama yake, Bi Agnesi. Miguu ya Bi Agnesi ilikuwa imekamatwa na baridi yabisi. Asipokandwa kwa maji ya moto alfajiri, hashuki kitandani. Mkaa ulikuwa ghali, mafuta ya taa hayapo, na hita iliyoachwa na wapangaji wa zamani ilikuwa imekufa.

Jioni ile Eliasi akapanda kuitazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Selina kaniambia kaokota Mngoni foleni ya sabuni. Na sabuni?"

"Sabuni iliisha, mama. Nimebaki mimi."

Akagonga tangi kwa spana, kutu ikamwagika. "Hii si ya kutengeneza. Ni ya kubadilisha."

Kubadilisha! Nyumba ilikuwa ya umma, kwa hiyo ilitakiwa barua. Barua ikatakiwa muhuri. Muhuri ukapatikana, mkaguzi akatakiwa. Mkaguzi alikuwepo, gari lake halikuwa na petroli. Miezi mitano ikapita. Mwisho karani akamwambia Selina anunue mwenyewe, atarudishiwa, na akasema bila kumtazama usoni. Bei halali ilikuwa shilingi elfu mbili na mia nne. Kwa walanguzi ilikuwa mara tatu yake, na mshahara wa Selina haukufika elfu moja.

Miezi hiyo mitano mapenzi hayakungoja mkaguzi. Eliasi alikuwa akipokelea simu katika duka la vifaa la mzee Kantilal, na kila saa sita mchana Kantilal aliita mpaka barabarani:

"Eliasi! Simu! Yule mla mbwa wako!"

"Haloo, mlanguzi wangu."

"Mlanguzi ni babu yako. Umekula?"

"Nitakulaje na wewe uko mbali, mpenzi?"

"Kwa mdomo. Huo mkubwa ulionao."

"Selina."

"Naam."

"Nikikuletea hita, utanipa nini?"

Mashine za chapa zikasikika nyuma yake. "Ilete kwanza," akasema, taratibu mno.

Kumbe Kantilal mwenyewe alikuwa nayo moja, galoni kumi na tano, iliyobaki toka zamani. Akaitoa kwa bei ya serikali, akaandika risiti, na jina la Selina ubavuni mwa tangi kwa chaki ya mafuta. Selina akauza cherehani ya mama yake, Eliasi akaongeza akiba yake yote.

Siku ya kuichukua, Eliasi alisukuma mkokoteni mwenyewe. Selina alitembea kando yake kwa khanga mpya, anacheka cheka kama anayepelekwa kwa mumewe. Wakati huo msako wa walanguzi ulikuwa umepamba moto. Watu walikuwa wakitupa mitaroni hata vitenge walivyovinunua kwa jasho lao. Barabara ya Msimbazi, mgambo wawili wakawasimamisha.

"Mzigo wa nani?"

Eliasi moyo wake ulikuwa mweupe, na ulimi wake ulikuwa umeshazoea. "Wa huyu Mhehe, afande! Mlanguzi mkubwa! Mkamateni, ametusumbua mji mzima!"

Selina akacheka. Mgambo hawakucheka.

"Mama, twende kituoni."

"Afande, natania! Huyu mtani wangu! Risiti hii hapa!"

Mgambo akaitazama risiti, akaikunja. "Risiti siku hizi kila mtu anayo. Wewe si umesema mwenyewe?" Kisha akampa Eliasi mkono. "Asante, ndugu. Tungekuwa na raia kama wewe kumi tu, nchi ingenyooka."

Selina alimtazama tu Eliasi wakati anapandishwa garini, khanga imemponyoka begani, na hita nyuma yake.

Alilala ndani siku nne. Kila alfajiri Eliasi alipanda ghorofa ya tatu na ndoo, akachemsha maji kwa mkaa, jirani Hemlata akamkanda Bi Agnesi miguu. Siku ya tano Kantilal akaenda kituoni na kitabu chake cha risiti kizima, na Mhindi kujipeleka kituoni siku zile kulitaka moyo. Selina akaachiwa. Hita ikabaki, eti kidhibiti.

Eliasi alimngoja mlangoni.

"Selina, nisamehe. Ulikuwa utani."

"Najua ulikuwa utani. Hilo ndilo linaloniuma. Nimelala sakafuni na wanawake kumi na sita, na kila aliyeniuliza nani kakuchoma, nilimjibu mchumba wangu." Akafunga mlango.

Eliasi alipiga simu ofisini kwake. Selina akikata, anapiga tena. Miezi mitatu. Kantilal hakuita tena barabarani.

Mwezi wa kumi Eliasi akaitwa Oysterbay kufunga hita katika nyumba ya mkubwa mmoja, mmoja wa wale waliokuwa wakihutubia juu ya walanguzi. Bafu la vigae vyeupe, taulo nene kama godoro. Hita ilikuwa sakafuni, imefunikwa gunia. Alipolivuta, akachutama kuitazama vizuri. Galoni kumi na tano. Ubavuni mbonyeo, pale alipowaona mgambo wakiiangusha mbele ya kituo siku ile, na chini mwandiko wa Kantilal wa chaki ya mafuta: *Selina, Mchafukoge*. Hata kuifuta hawakuhangaika.

Mkubwa alikuwa bustanini. Klara, mfanyakazi wa nyumba, akamruhusu kutumia simu.

"Selina, usikate. Hita yako iko hapa. Kwa mkubwa. Jina lako liko juu yake."

Mashine za chapa zikaendelea kugonga. Hakukata.

"Natoka nje sasa hivi, namwambia mbele ya walinzi wake. Kwamba mwizi ni yeye. Aniue."

"Eliasi."

"Wanatuita sisi walanguzi!"

"Eliasi, nisikilize, baba." Sauti yake ilikuwa chini kabisa. "Mimi nimelala kule. Wewe hutatoka baada ya siku nne. Nimekaa miezi mitatu nikikuchukia, na kila simu ikilia naruka. Hita waichukue. Mimi nataka mtu. Funga bomba zao, nyamaza, uje nyumbani. Unaweza kunyamaza, hata mara moja?"

Eliasi akaweka simu chini.

Alifunga hita ile kwa saa tatu. Alikaza kila nati vizuri, kwa sababu mikono yake haikujua kuharibu. Mkubwa akaja, akaweka kiganja chini ya bomba, akaguna kwa raha.

"Safi sana, fundi. Una lolote la kusema?"

Eliasi akaifuta spana, akaitia mfukoni.

"Hapana, mzee. Maji yako ni ya moto."

Magharibi akapanda ghorofa ya tatu. Selina alifungua kabla hajabisha, nguo za kazini bado mwilini, macho mekundu.

"Umesema?"

Akatikisa kichwa. Selina akamshika mikono yote miwili, iliyojaa grisi, akailalia kwa uso wake, na hapo ndipo Eliasi alipolia, kwa hasira na kwa furaha, hakujua ipi inatangulia.

Ndani, sufuria ilichemka juu ya jiko la mkaa. Wakapiga magoti pamoja, kila mmoja akakanda mguu mmoja wa Bi Agnesi. Mama akawatazama muda mrefu, mmoja, kisha mwingine.

"Mshenga wako aje Jumapili baada ya misa," akasema. "Na asije na barua tupu. Aje na gunia la mkaa."