Mlio wa Kutua

Kama kulikuwa na mtu Tabora aliyeweza kumwonyesha mtalii kivuli cha ukuta na mtalii akashukuru, ni Mfaume. Alikuwa ametembea huyu: ukuli bandarini Mombasa, upishi melini hadi Bombay, na kote alifukuzwa kwa kosa moja, mdomo. Ujamaa ulimkuta amesharudi nyumbani na kitambi chake, mlinzi wa tembe kuukuu nje ya mji. Zamani lilikuwa kambi ya misafara ya pembe za ndovu. Sasa lilikuwa makumbusho.

"Mimi ndiye kirangozi," huwaambia wageni. "Mtu wa kutangulia msafara. Kitambi kinatangulia, mimi nakifuata."

Wageni hucheka. Ndipo huitwaa pembe ya tandala ukutani na kupuliza mlio wa kuondoka, ule uliowainua wapagazi na mizigo yao kuelekea pwani.

Mlio huo alifundishwa na mzee Luhende, aliyeubeba upagazi begani tangu ujana, hata bega likaota sugu kama kwato.

"Iko milio miwili," Luhende alimwambia. "Wa kuondoka na wa kutua. Ukimwinua mpagazi, umtue. Kesho njoo nikupe wa pili."

"Babu, mtalii hangoji kufika! Picha anapiga tukiondoka."

Hakwenda. Masika hayajaisha, Luhende akazikwa.

Jioni moja Mfaume alikuwa anafunga madirisha, akimngoja mkewe Mwamvita, mama Maua, atoke shamba la kijiji. Kuzunguka tembe palikuwa mahame matupu. Watu wote walikuwa wamehamishiwa kijiji cha ujamaa. Landrova ya watalii ikasimama. Wakaomba pembe mara moja tu, jua lingali linaonekana. Akapuliza, mashavu yamevimba kama maandazi. Wakapiga picha, wakaondoka.

Vumbi likatulia.

Kisha likatimka tena... na gari halikuwepo.

Njuga. Cha... cha... cha...

Ikaja harufu. Jasho la zamani, tumbaku, na kidonda kilichooza.

Njiani alikuwa anakuja Mwamvita, jembe begani. Nyuma yake alifuata mwanamume mwembamba, njuga miguuni, aliyebeba pembe ya ndovu, shingo imepinda kwa uzito. Nyuma ya huyo walikuwapo wengine. Mfaume aliweza kuuona ukuta wa mahame kupitia vifua vyao.

"Kirangozi wangu wa kitambi!" Mwamvita aliita. "Umeshabandika maji, au leo pia tunakula hadithi?"

Mfaume alimwonyesha kwa kidole nyuma yake.

Yule mwanamume akasema kwa sauti kavu:

"Mama... nitue."

Mwamvita akageuka. Akaweka jembe chini.

"Usimguse," Mfaume akanong'ona. "Mke wangu, usimguse."

"We Mfaume! Mtu mzima anaomba kutuliwa, nimpite kama ng'ombe? Umelelewa wapi?"

Akainua mikono, akaupokea mzigo.

Haukushuka chini.

Ulihamia begani kwake.

Yule mwanamume akanyoosha mgongo. Akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyeingoja miaka na miaka. "Ahsante, mama," akasema, akaporomoka vumbini. Hapakubaki hata mfupa.

Mwamvita akapiga hatua moja. Kuelekea mashariki. Kisha ya pili.

"Baba Maua," akasema taratibu, "miguu hii siiamrishi mimi."

Mfaume akamrukia, akamshika kiuno. Akaburutwa kama gunia tupu. Wapagazi wakampita kushoto na kulia. Mmoja alimtazama usoni.

"Kila siku unatuamsha," alisema. "Hujatutua hata mara moja."

Pembe! Aliikimbilia, akaiweka mdomoni, akapuliza kwa nguvu zake zote. Kitu pekee alichokijua.

Mlio wa kuondoka.

Mwamvita akaongeza mwendo.

Kijijini walimtafuta, wakasema kaliwa na fisi. Wengine walisema amemkimbia mume mpayukaji, naye Mfaume akawaacha waamini hivyo. Alizunguka hadi Igunga akiwauliza wazee mlio wa kutua. Walimcheka. Reli iliua upagazi zamani, nani angeuhifadhi?

Wageni bado wanakuja. Huwatania vilevile, ila hapulizi mbele yao, na jua likianza kuinama huwafukuza. Kisha hujifungia ndani na pembe yake, akapuliza mlio mmoja, akapuliza mwingine, akibahatisha.

Njuga huja. Cha... cha... Husimama mlangoni.

"Baba Maua," sauti husema nje, kwa adabu ileile. "Limenichubuka bega. Nitue."

Anajua la kufanya. Ni kufungua na kuinua mikono. Mzigo utahamia begani kwake, naye Mwamvita atavuta pumzi, apumzike.

Mkono wake hushika komeo. Komeo hilo limeng'aa sasa, kwa kushikwa.

"Kesho, mke wangu," hunong'ona. "Kesho nitaupata huo mlio."

Halafu miguu huanza tena, na kila jioni ni mizito kuliko jana.