Ni Fundi Tu

Krrr... krrr... Mkoromo wa redio ya polisi uliingia sebuleni kabla ya polisi wenyewe.

Fundi Mapazia alikuwa juu ya ngazi, pini sita zimebanwa midomoni, akikunja pindo la pazia la dirisha la mbele. Ndivyo afanyavyo kazi siku zote: pini mdomoni, mikono huru.

"Shuka polepole! Wewe ni nani?"

Angejibuje? Akifungua mdomo, pini zinamwagika. Akiinua mkono ghafla kuzitoa, watadhani anachomoa silaha: mtaa mzima ni wa weupe, yeye peke yake mweusi. Akashuka kwanza, ndipo akazitema kiganjani, moja baada ya nyingine.

"Natundika mapazia, afande. Hapa ni kwa mchumba wangu. Tunafunga ndoa Jumamosi."

Askari kijana akacheka puani. "Mchumba! Jirani kapiga simu, eti kuna mtu mweusi anang'oa mapazia."

"Huyo ni Bi Darubini. Leo ni mara ya tatu. Ya kwanza nilikuwa namwagilia maua. Ya pili nimekaa garini nasubiri mvua ikatike."

Alisema bila hasira, kama msomaji wa taarifa ya hali ya hewa.

"Haya, mpigie huyo mchumba. Weka spika."

Mchumba wake, Muuguzi, akapokea akiwa wodini.

"Dada, ni polisi. Tuko kwako na mwanamume mmoja. Unamfahamu?"

Kimya. Kilikuwa kifupi kama pumzi, lakini Fundi alikisikia chote.

"Ndiyo, afande. Ni fundi wa mapazia. Ni fundi tu. Mwacheni amalize kazi."

"Ahaa! Si ungesema hivyo tangu mwanzo, bwana?"

Wakaondoka. Ukweli wake ulichekwa, uongo wa mwenzake ukaaminiwa. Fundi akapanda ngazi, akamalizia pindo.

Ujumbe ukaingia: "Mpenzi, wameondoka? Uko salama?"

Akajibu: "Fundi amemaliza. Ufunguo uko mezani."

Muuguzi aliomba ruhusa kazini, akafika mbio na sare yake. Alimkuta anafunga ngazi juu ya gari.

"Jamani, usiende! Nilidhani wakisikia fundi watakuacha upesi. Ningesema mchumba, wangekuhoji mpaka jioni."

"Na kweli waliniacha upesi."

"Basi nigombeze! Nitukane!"

"Sina cha kukutukania."

"Imekuuma, najua."

"Haijauma. Ndicho kinachonitisha. Bi Darubini hanijui, nimemzoea. Wewe unanijua, na bado ulipima kipi kitaaminika."

Wakati huo Bi Darubini alikuwa ameshasogea kwenye ua, miwani juu ya paji.

"Kumbe ni fundi, polisi wameniambia! Nisamehe, baba, siku hizi mtu huwezi kujua. Mapazia yamekaa vizuri kweli. Na mimi utanipimia lini?"

"Bibi," Muuguzi akageuka, "miezi minane unamwona akiingia na kutoka humu. Ulidhani nabadilisha mapazia kila wiki?"

"Mimi nitajuaje, mwanangu? Hukuwahi kuniambia."

Hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Hakuwahi kumwambia yeye, wala mtu yeyote wa mtaa ule. Akatoa simu, akapiga kituoni, spika wazi.

"Mmetoka kwangu sasa hivi. Nimewapa taarifa ya uongo, naomba irekebishwe. Yule si fundi tu. Ni mchumba wangu, na nyumba hii ni yetu sote. Andikeni hivyo."

"Kuna tatizo lolote, dada?"

"Lipo. Ni langu."

Bi Darubini akarudi ndani bila kuaga. Muuguzi akabaki mbele ya Fundi, machozi yakimtiririka, naye Fundi akimtazama kama mtu aliye nyuma ya kioo kinene.

"Sema kitu, tafadhali. Jumamosi utakuja?"

Fundi akakaza kamba ya ngazi. Akavuta pumzi.

"Nitakuja. Lakini leo sikwambii kwamba yamepita, maana nitakuwa nakudanganya. Siku yatakapopita, nakuahidi, wa kwanza kuambiwa ni wewe. Na yasipopita, pia nitakwambia."