Mbu wa Chumbani kwa Mardhiya

"Nataka chandarua," alisema yule kijana, "ila si cha kuwazuia mbu wasiingie. Nataka cha kuwazuia wasitoke."

Nusaiba akaacha kukunja mashuka. Soko la Chake Chake siku ile lilikuwa limefurika watu wa manunuzi ya sikukuu, kila mmoja akipiga kelele kumshinda mwenzake, naye akadhani hakusikia vizuri. Akamtazama. Kijana mrefu, shati la buluu lililopauka mabegani, mifuko ya kifuani imejaa vichupa vidogo.

"Wasitoke waende wapi, kaka'ngu?"

"Wakafe huko. N'nawafuga."

"Toba! Wenzio wanafuga ng'ombe, weye unafuga mbu!" Nusaiba alicheka mpaka ushungi ukamteleza. "Na wanakula nini?"

"Madume maji ya sukari. Majike ndo wenye kazi, hao wanataka damu."

"Basi wana akili kuliko madume."

Jina lake Haidar, kwao Makangale, na alikuwa mfanyakazi wa mradi mmoja wa utafiti wa mbu. Chandarua kimoja kilimtosha kabisa. Kesho yake akarudi kununua cha pili, na keshokutwa akaja kuulizia mashuka asiyoyataka. Nusaiba aliona, na akaanza kuvaa siku za kazi lile baibui lake la tarizi ya zambarau.

Simu zikaanza.

"Umekula, habibti?"

"Sijala. N'nakungoja uniambie mbu wako leo wamefanya nini."

"Wamenishangaza. Weye unaona mbu ni mbu tu, lakini hawako sawa, hata wa mama mmoja. Kila jike n'namtagisha kwenye kikombe chake. Watoto wakikua n'nawatia kwenye chupa yenye karatasi ya dawa. Wengi wanakufa. Mmoja, wawili, wanaamka na kuruka zao. Kilichowaokoa kimo kwenye vinasaba vyao, na watoto wao watakirithi."

"Na miye n'na nini kwenye vinasaba vyangu?"

"Sukari."

"Muongo mkubwa weye!" Lakini usiku ule alilala anatabasamu. Haidar alikwisha ahidi kwamba Mfungo Tatu, mwezi wa Idi ya kuchinja, ukiandama, wazee wake watakuja kuposa.

Sasa niseme ukweli kuhusu Nusaiba: mtoto huyu alikuwa na wivu. Tangu mdogo, paka wa nyumbani akilala miguuni pa mtu mwengine, yeye hali chakula. Wivu ulikuwemo ndani yake kabla ya Haidar, ukingoja wa kumwonea. Aliyeuamsha ni Mwanakhamis, muuza vitambaa wa duka la pili, ambaye nyumba yake iko Jadida, huko Wete.

"Shoga, mchumba'ko hasa anafanya kazi gani?"

"Anatafiti mbu."

"Basi hao mbu wako chumbani kwa Mardhiya. Nimemuona kwa macho yangu haya, asubuhi mapema, anatoka. Na Mardhiya kaachwa mwaka jana, na n'nakwambia, kuachwa kumempendeza."

Nusaiba hakungoja hata mteja aliyekuwa mbele yake aondoke. Akapiga simu.

"Haidar, Mardhiya nani?"

"Wa Jadida? Mwenye nyumba n'nayokamatia mbu."

"Nyumba au chumba?"

"Chumba. Mbu akishashiba hutulia ukutani chumbani, ndo n'namfuata asubuhi na mrija, n'namvuta ndani kwa pumzi."

"Kwani vyumba vyote vya Pemba vimekwisha?"

"Mbu wake si kama wa wengine, roho yangu."

"Mbu *wake*!"

"Nyumba imepakana na bustani za tungule zinazopigwa dawa. Mbu wa pale wame..."

Simu ilikuwa imeshakatwa.

Siku ya pili Nusaiba alifunga duka, akajifukiza udi, akapanda gari ya Wete. Mardhiya alimfungulia mlango akiwa amevaa kanga mbili safi, wanja machoni na asumini kwenye nywele, na kwa bahati mbaya alikuwa mzuri kuliko alivyosimuliwa. Nusaiba alichungulia nyuma ya bega lake. Kitanda kilichotandikwa vizuri, chandarua kimefungwa fundo, na ukuta mweupe. Akauchukia ule ukuta. Haidar aliusogelea kila wiki karibu kuliko alivyowahi kumsogelea yeye.

"Nimetumwa na mradi," akasema, uongo ukatoka mwepesi. Akatoa kwenye mkoba makopo ya dawa ya kupuliza ya dukani kwake. "Puliza kila jioni, dada. Mbu wakiisha hutasumbuliwa tena na wageni."

"Mbona Haidar kanikataza kupuliza kitu?"

"Amri imebadilika."

Makopo yalipokwisha, alituma mengine. Baada ya muda Haidar alipiga simu, sauti imechoka. "Kwa Mardhiya mbu wamepungua sana."

Nusaiba akauma mdomo asicheke. "Pole. Basi kazi ya pale imekwisha?"

"Hasha. Waliobaki hawafi! N'nawatia watoto wao kwenye dawa, karibu wote wanaamka. Sijaelewa. Sasa itabidi niende kila siku."

Kila siku! Nusaiba alikaa chini juu ya marobota ya mashuka. Mteja alimuuliza bei ya foronya, yeye akamtajia ya shuka.

Wiki haikwisha, Haidar akaingia dukani. Hakusalimia. Aliweka juu ya meza kopo tupu lenye kibandiko cha duka lile lile.

"Nimelikuta uvunguni kwa Mardhiya. Ni la hapa?"

"N'litaka waishe," Nusaiba akasema.

"Hawakuisha. Umewaua wanyonge, ukaniachia wababe. Na usidhani dawa yako ndo iliyowafundisha ubabe. Walikuwa nao zamani, wachache tu katikati ya wenzao. Ulipowaondoa wenzao, chumba kikawa chao na watoto wao. Mimi msimu mzima n'nafuatilia wababe hao wanaongezeka kiasi gani pasipo mkono wa mtu ndani ya nyumba. Sasa siwezi kujua tena. Kwa nini, Nusaiba? Ulinidhania mzinifu?"

"N'likudhania mwanamme."

Haidar alimtazama kwa uchungu. "Wazee wangu n'tawaambia wangoje," akasema, akatoka. Nusaiba alilia nyuma ya pazia la vyandarua. Kutwa nzima simu yake haikulia.

Kilichomuuma zaidi kilikuja baadaye. Alikumbuka kwamba Mardhiya analala na mbu ambao kopo lolote la dukani haliwawezi tena, na aliyewabakisha ni yeye. Ijumaa asubuhi akarudi Jadida, safari hii bila udi.

"Nimekuja kukuomba radhi, dada. Sikutumwa na mradi. Miye ni..."

"Nilijua." Mardhiya akamsogezea mkeka. "Mradi haujaleta mtu anayenikagua kitanda. N'lipuliza kwa kuwa n'lichoka kuumwa, na weye n'likuonea huruma. Huyo bwana'ko akiingia humu, mlango uko wazi, mama'ngu kakaa hapo uani, miye nimesimama na taa, yeye uso ukutani. Muulize shuka langu lina rangi gani. Hajui!"

Nusaiba alitaka kucheka, akalia. Mlangoni ikasikika hodi wanayoijua wote wawili.

Haidar alisimama kizingitini na mrija mkononi, akimtazama mmoja kisha mwengine. Nusaiba akainuka.

"Nisamehe, Haidar. Msimu wako nimeuharibu kwa mikono yangu. Na dada wa watu nimemwachia balaa."

"Dada n'tamletea chandarua chenye dawa nyengine, mbu hawa hawajaizoea. Msimu utarudi, n'taanza upya." Akavuta pumzi. "Wivu wako umekufa?"

"Ule mwepesi umekufa. Huu uliobaki hauna dawa, ujue kabisa."

Haidar alijizuia, akashindwa, akacheka. Kisha uso wake ukatulia. "Kazi hii yataka watu wawili, Nusaiba. Mtu na mkewe wakibisha hodi asubuhi, jirani hana la kusema."

Nusaiba akafuta machozi. "Vyumba vya wanawake waliopo peke yao viko vingi?"

"Viko kiasi."

"N'takwenda kwenye vyote."

Akauchukua mrija, akasogea kwenye ule ukuta alioutukana moyoni siku zote. Karibu na kona palitulia mbu mmoja, tumbo jekundu kwa damu ya Mardhiya. Akanyonya taratibu kama Haidar alivyomwelekeza, na mbu akaingia mrijani. Haidar alimtia kikombeni, akachomoa kalamu.

"Kikombe lazima kiwe na jina la aliyekamata. Niandike nani?"

Nusaiba alirekebisha ushungi wake bila kumtazama.

"Andika mke wa Haidar."

Mardhiya alipiga kigelegele pale mlangoni, na mbu wote waliobaki ukutani wakaruka.